Usishushe Bei Kabla ya Hesabu: Mwongozo kwa Wenye Mabanda ya Chakula Nyakahanga

Ukifungua banda la chipsi Nyakahanga, iwe jirani na hospitali au kule njia panda ya Omurushaka, haitachukua muda mrefu kabla mtu mwingine hajaweka karai lake hatua chache kutoka lako. Viazi ni vilevile, mafuta ni yaleyale, na wateja mnaogombea ni walewale: ndugu wa wagonjwa, wanafunzi wa chuo cha uuguzi, bodaboda, watumishi, na abiria waliochoka na safari ya kutoka Bukoba. Siku mauzo yakilegea, wazo la kwanza linalomjia karibu kila mfanyabiashara ni kufuta ubao na kuandika bei ya chini. Nakuomba chaki uishike kwanza, tupige hesabu pamoja, kisha tuzitazame njia nyingine za kuvuta wateja ambazo hazitakula mtaji wako.

Nitachukua mifano kwa kampuni kubwa za chakula cha haraka. Hapa Karagwe na kwa jirani zetu wa Kyerwa hatuna hata moja. KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011 na Dar es Salaam mwaka 2013. McDonald's haijafika Tanzania, Kenya wala Uganda. Lakini kampuni hizi zimepigana kwa bei kwa miongo mingi, tena hadharani, na hasara zao zinajulikana. Tunaweza kujifunza kwao bila kulipia ada, ilimradi tuelewe kwanza kwa nini wao wanaweza kufanya mambo ambayo sisi yatatufilisi.

Hesabu ya sahani moja

Chukua daftari. Namba nitakazotumia ni za mfano; weka zako kulingana na bei za sokoni wiki hii. Tuseme unauza sahani 60 za chipsi kavu kwa siku, kila sahani shilingi 2,000. Umetumia madebe mawili ya viazi kwa 18,000 kila debe, jumla 36,000. Mafuta lita nne kwa 5,000, jumla 20,000. Mkaa 7,000. Kabichi, nyanya, chumvi, tomato sosi na vifungashio 9,000. Hizo ni gharama zinazopanda kadiri unavyouza, na jumla yake ni 72,000. Gawanya kwa sahani 60: kila sahani inakula 1,200 kabla hujamlipa mtu yeyote.

Kisha kuna gharama zisizojali umeuza nyingi au chache. Msaidizi 8,000 kwa siku, kodi ya banda 2,000 ukiigawa kwa siku za mwezi, maji na ushuru 2,000. Jumla 12,000.

Kila sahani ya 2,000 inakuachia 800. Sahani 60 zinakuachia 48,000. Ukitoa zile 12,000, unarudi nyumbani na 36,000. Si haba.

Sasa jirani ameandika 1,500 na wewe unataka kumfuata. Sahani yako bado inakula 1,200. Inakuachia 300. Ili upate zile 48,000 ulizokuwa ukipata jana, unatakiwa uuze sahani 160. Rudia hesabu hiyo polepole, kwa sababu wengi hawaiamini mara ya kwanza: umepunguza bei kwa robo, lakini unatakiwa uuze zaidi ya mara mbili na nusu ya ulichokuwa ukiuza ili tu ubaki pale ulipokuwa. Karai lako moja haliwezi kukaanga sahani 160 kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku. Na hata lingeweza, wateja hao wa ziada watatoka wapi? Nyakahanga haikui kwa sababu wewe umeshusha bei. Wateja wa nyongeza ni wale uliowatoa kwa jirani, naye kesho atashusha tena.

Kinachofuata hakiandikwi ubaoni. Bei ikishuka hivyo, pengo hulipwa na mafuta. Mafuta yaliyopaswa kumwagwa jana yanakaangia leo, na leo yanakaangia kesho, hadi yawe meusi na chipsi zinuke. Viazi vinakatwa vyembamba ili sahani ionekane imejaa. Wanaokula ni watu waliokuja kuuguza ndugu zao. Kwa hiyo kabla hujashusha bei, jiulize ni nani hasa atakayelipa hiyo mia tano. Ukiona jibu ni mafuta, acha.

Kwa nini wakubwa wanaweza

Mwaka 2009 huko Marekani, kampuni ya Burger King iliamua kuuza baga yake ya nyama mbili na jibini kwa dola moja tu. Ilikuwa ikimwinda McDonald's. McDonald's yenyewe, mwishoni mwa mwaka 2008, ilikuwa imeona kwamba baga kama hiyo haiwezi tena kuuzwa kwa dola bila maumivu. Ikaipandisha bei kidogo, na kwenye orodha ya vitu vya dola ikaweka nyingine inayofanana nayo, ila yenye kipande kimoja cha jibini badala ya viwili. Kipande kimoja tu. Burger King ikaona hapo ndipo pa kumpigia: sisi tutawapa vipande vyote viwili kwa dola ileile.

Tatizo ni kwamba migahawa mingi ya Burger King ni ya watu binafsi wanaolipia kutumia jina la kampuni. Chama cha wamiliki hao kiliishitaki kampuni mwezi Novemba mwaka huohuo. Hoja yao ilikuwa rahisi kama ile hesabu yetu ya daftari: baga hiyo inagharimu angalau dola moja na senti kumi kuitengeneza, na mnatulazimisha tuiuze kwa dola moja. Mwaka uliofuata Burger King nayo ikaondoa kipande kimoja cha jibini ili ibaki kwenye dola.

Hapa kuna somo ambalo ningependa likae kichwani kwako kuliko yote. Makao makuu ya kampuni kama hiyo hupata asilimia ya mauzo ya kila mgahawa. Mauzo yakipanda, wao wanapata zaidi, hata kama mwenye mgahawa anapata hasara kwa kila baga. Wewe huna makao makuu. Mwenye jina ni wewe, mwenye karai ni wewe, na hasara haina pa kwenda isipokuwa nyumbani kwako. Ukiona tangazo la kampuni kubwa linalokushangaza kwa bei yake, usidhani wamegundua siri ya kupika kwa gharama ndogo. Mara nyingi kuna mtu mwingine ndani ya mnyororo huo anayelia.

Sababu ya pili ni soda. Kwenye migahawa hiyo baga huwa chambo. Faida inarudi kwenye chipsi na kinywaji. Soda yao inatoka kwenye mashine: sharubati kidogo, maji, gesi na barafu, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei wanayoiuza. Ndiyo maana McDonald's ilipoanzisha mlo wa dola tano tarehe 25 Juni 2024, ndani yake kulikuwa na baga, vipande vinne vya kuku, chipsi na kinywaji, vyote kwa pamoja. Ukiona ofa ya aina hii ukaiga kwa kuandika "chipsi na soda 2,500", utaumia. Wewe soda unainunua kwa kreti, bei ya rejareja wateja wanaijua, na kinachobaki kwako kwa kila chupa ni kidogo. Hakuna nafasi ya kupunguza hapo.

Jenga mseto wako juu ya kitu unachokitengeneza mwenyewe. Karagwe tuna mananasi, pasheni na parachichi. Glasi ya juisi uliyoikamua mwenyewe inakuachia zaidi kuliko chupa ya soda, na msafiri anaikumbuka. Asubuhi, chai ya maziwa na chapati mbili ni mseto mzuri kwa sababu vyote viwili vimetoka mikononi mwako. Tena tuna ndizi. Viazi mviringo vingi nchini vinalimwa Njombe, Mbeya na Iringa, upande mwingine kabisa wa nchi. Ndizi ziko nyuma ya nyumba. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoweka ndizi mzuzu za kukaanga kwenye kabati la vioo pembeni ya chipsi. Siku viazi vinapopanda, mwenye ndizi ana pa kushika.

Bei inatembea kwa sarafu

Wenzetu wa nchi za dola wanaandika 4.99 ili mteja aone nne. Hapa hakuna maana ya kuandika 1,990. Mteja ana noti ya elfu mbili, wewe huna chenji ya shilingi kumi, na wote wawili mnajua hivyo. Bei ya chakula barabarani inapanda kwa ngazi za jero: buku, buku jero, mbili, mbili na nusu. Hata kuruka mia mbili kunaleta ugomvi wa chenji wakati foleni ni ndefu.

Ngazi hizo pana ndizo zinazofanya kushusha bei kuwe hatari, kwa sababu huwezi kushusha kidogo. Ukishuka unashuka kwa robo nzima. Lakini kuna faida yake pia. Unaweza kuwa na vipimo viwili badala ya bei mbili za kitu kilekile. Nusu sahani kwa buku inamfaa mwanafunzi na mtoto. Katika mfano wetu nusu sahani itakula kama 650 hivi, maana kifungashio na kachumbari havipungui nusu kamili, na itakuachia 350. Huo ni uwiano mzuri, na yule mwenye elfu moja mfukoni hapiti tena akitazama upande mwingine. Nunua bakuli mbili za kupimia, moja ndogo na moja kubwa, na kila anayehudumu atumie bakuli hizohizo. Kupima kwa jicho kunaharibu biashara kuliko jirani, kwa sababu Jumatatu msaidizi amejaza na Jumanne amepunja, na mteja anakumbuka Jumanne.

Ongeza kitu badala ya kupunguza bei

Rudi kwenye hesabu. Jirani yuko 1,500, wewe unabaki 2,000, lakini kila sahani inapata vipande vya ndizi mzuzu au kachumbari iliyotiwa parachichi, kitu kinachokugharimu 150. Sahani sasa inakuachia 650. Ili upate zile 48,000 zako unahitaji sahani 74, yaani 14 zaidi ya ulizozoea. Kumi na nne zinawezekana. Mia hazipatikani.

Tena nyongeza inaweza kuondolewa au kubadilishwa bila aibu. Wiki hii ndizi, wiki ijayo kabichi ya kukaanga. Bei ikishashushwa, mteja anaihesabu kuwa ndiyo bei yako halisi, na siku ukiirudisha anakuona umempandishia. Ule mlo wa dola tano wa McDonald's ulipangwa udumu takriban mwezi mmoja. Ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, na mwaka 2025 bado ulikuwa unauzwa. Hata kampuni yenye maelfu ya migahawa imeona vigumu kutoka kwenye bei ya chini ikishaingia.

Senene zinafundisha jambo hilohilo kwa njia yake. Mwezi wa kumi na moja zinapoanza kuanguka, anayetenga sufuria moja ndogo na kumwonjesha kila mteja kijiko kimoja juu ya sahani anakusanya watu. Hakuna tangazo linaloshinda hilo katika mkoa wa Kagera.

Tafuta saa yako iliyokufa

Pizza Inn ya Kenya ilijijengea jina kwa ofa ya Jumanne: nunua moja, upate nyingine bure. Angalia siku waliyoichagua. Ijumaa usiku na Jumamosi migahawa inajaa bila ofa yoyote; kutoa cha bure siku hiyo ni kumpa zawadi mtu ambaye angelipa. Jumanne majiko yako tayari, wapishi wanalipwa, na viti ni vitupu.

Wewe saa yako iliyokufa ni ipi? Kaa wiki mbili ukiandika mauzo kwa kila saa, hata kwa kuchora mistari tu kwenye karatasi. Nyakati za kuona wagonjwa zinapokwisha, watu wanatoka kwa wingi. Hapo usitoe ofa yoyote, hudumia haraka tu. Lakini kuna saa ya alasiri ambapo karai halina kazi na msaidizi anasinzia. Weka ofa hapo: kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, chai ya bure kwa kila sahani. Chai inakugharimu kidogo, moto unawaka, na mtu aliyekaa anakula anamvuta anayepita.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na naomba unisikilize vizuri. Mwezi Februari 2024, mkuu wa kampuni ya Wendy's ya Marekani alizungumzia mpango wa kubadilisha bei kulingana na wakati. Watu walielewa kwamba baga itapanda bei saa ya chakula cha mchana, wakakasirika, na kampuni ikalazimika kutoka hadharani kueleza kwamba haikukusudia kupandisha bei wakati wa msongamano. Mteja anakubali upunguze saa ya utulivu. Hakubali umpandishie kwa sababu umemwona ana shida.

Nyakahanga ina hospitali ya Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya. Watu wanaletwa kutoka vijiji vya mbali, wengine usiku. Mama anayemuuguza mtoto anatoka nje saa tatu usiku, mgeni kabisa, hajui bei za hapa, ana noti moja aliyoikunja kwenye khanga. Ukimwambia sahani ni elfu tatu atalipa. Atalipa kwa sababu hana njia nyingine. Usifanye hivyo. Kwanza ni dhuluma. Na kama dhuluma peke yake haikuzuii, jua kwamba wodini watu wanaongea: kitanda kwa kitanda wanaelekezana wapi pa kula na wapi pa kuepuka, na mgonjwa akipona anarudi kwao Nkwenda au Kaisho na habari yako.

Kwa hiyo andika bei ubaoni, kubwa, isomeke kutoka barabarani. Hili ni tangazo la bei nafuu kuliko yote na bado mabanda mengi hayana. Mgeni anaogopa kuuliza. Anaogopa akiuliza ataonekana mgeni, na akionekana mgeni atapandishiwa. Ubao unamwondolea hofu hiyo kabla hajasema neno. Anakuja moja kwa moja: "Shikamoo mama, naomba ya elfu mbili." Umeshauza.

Kadi, daftari na simu

Kadi ya kugonga muhuri, ile ya "ukila mara tisa, ya kumi bure", inafaa sana kwa wanafunzi na watumishi wa hospitali. Kwa hesabu yetu, sahani tisa zinakuachia 7,200, ya kumi unaitoa kwa gharama ya 1,200, unabaki na 6,000. Ungeshusha kila sahani kwa mia mbili ungebaki na 6,000 hizohizo. Tofauti ni nani anafaidika. Punguzo la ubaoni linamfikia hata abiria wa basi ambaye hutamwona tena. Kadi inamfikia anayerudi tu. Kata vipande vya karatasi ngumu, tengeneza muhuri usioigika kirahisi, na usiweke masharti madogomadogo ya kumnyima mtu sahani yake ya kumi. Ukimnyima mmoja, chuo kizima kitajua jioni hiyohiyo.

Kuhusu kukopesha, msimamo wangu ni mkali. Karagwe tunaijua butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno ni ya mtu mwingine. Usigeuze daftari lako la madeni kuwa butura ya chakula, ambapo mtu anakula miezi mitatu kwa ahadi ya kahawa, nawe unanunua viazi kwa fedha taslimu kila asubuhi. Msimu wa kahawa ukifunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, na malipo yakianza kutoka kwenye vyama vya msingi, fedha zinaongezeka mtaani na wateja wanataka kuku zaidi kuliko chipsi kavu. Jiandae kwa hilo kwa kuongeza robo kuku na mishikaki. Kukopesha kabla ya msimu ni jambo jingine. Mtumishi wa mshahara unayemfahamu, mpe kikomo kilichoandikwa, alipe mwisho wa mwezi. Wengine wote walipe kabla ya kula.

Chukua lipa namba kutoka mtandao wowote wateja wako wanaotumia, uibandike pembeni ya ubao wa bei. Usimwambie mteja aongeze "ya kutolea". Makato hayo yaingize kwenye hesabu ya sahani, kama ulivyoingiza chumvi.

Matangazo mengine hayahitaji maneno mengi. Redio Karagwe na Redio Fadeco zinasikika hapa, lakini kwa banda moja la chipsi fedha hiyo afadhali uitie kwenye taa nzuri ya usiku. Bodaboda ni redio yako. Anayekuletea abiria mpe kikombe cha chai, wala usimwongezee abiria bei ili kumlipa bodaboda.

Usitangaze usichokuwa nacho

Mwanzoni mwa Januari 2022, KFC ya Kenya iliishiwa chipsi. Haikuwa kwamba Kenya imekosa viazi; wakulima walikuwa navyo. Kampuni ilikuwa ikiagiza chipsi zilizokatwa tayari kutoka nje, na meli zikachelewa. Wateja wakaambiwa wachukue kitu kingine badala ya chipsi. Wakenya walichukia, wito wa kuisusia kampuni ukaenea mitandaoni, na baadaye kampuni ikasema itatafuta wazalishaji wa ndani.

Kwako wewe maana yake ni hii: kabla hujatangaza ofa ya wiki nzima, hakikisha viazi vya wiki nzima viko ndani au muuzaji amekuahidi bei. Hakuna kinachomkera mteja kama kutembea kutoka Omurushaka kwa ajili ya ofa na kuambiwa imekwisha. Ukiishiwa, mpe kitu kikubwa kuliko alichokosa, kwa bei ileile. Ni hasara ya siku moja.

Na nunua viazi kwa kilo au kwa debe unaloliona likijazwa. Lumbesa inayopendeza machoni ina viazi vidogo katikati na vilivyooza chini, na hesabu yote tuliyoifanya hapo juu inategemea debe lako kutoa sahani 30. Likitoa 24, sahani imepanda kwa mia na hamsini na hukujua.

Siku ya kupandisha

Itafika. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda nchi nzima. Ukifika hapo una njia mbili, kupunguza kipimo au kupandisha bei, na wengi huchagua ya kwanza kwa sababu ni ya kimya. McDonald's na kipande chake cha jibini walifanya hivyo, lakini angalia walivyofanya: waliipa baga ile jina lingine na kuiacha ile ya zamani ikiuzwa kwa bei yake mpya. Mteja alichagua. Kupunguza kwa siri ni jambo tofauti. Mtu anayekula kwako kila siku anaijua sahani yako kuliko wewe.

Andika tangazo siku saba kabla: kuanzia Jumatatu, sahani kubwa 2,500, ndogo inabaki 1,000. Iache ile ndogo ibaki palepale ili asiyeweza asifukuzwe. Anayeuliza mweleze bei ya mafuta bila kulalamika. Dumu analiona, naye ananunua mafuta nyumbani kwake.

Usiende kwa jirani kupanga naye bei moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na hata bila sheria, makubaliano hayo huvunjwa na wa kwanza kuwa na siku mbaya. Yapo mengi ya kukubaliana naye: zamu ya kuzoa taka, taa ya barabarani, kununua gunia la viazi kwa pamoja mgawane. Kule Uganda vijana wa chapati walikunja mayai ndani ya chapati na kuiita rolex, hadi Kampala ikaifanyia tamasha mwaka 2016. Muulize jirani yeye anapenda kupika nini zaidi ya chipsi. Akichukua kuku, wewe chukua mayai na ndizi, mtumiane wateja.

Na kila ofa utakayoweka, iandike pamoja na tarehe yake ya mwisho, kwa chaki ileile na ukubwa uleule. Ikifika, ifute usiku huo kabla hujafunga banda. Atakayekuja kesho yake akiulizia, mpe kwa mara moja hiyo, mwonyeshe tarehe ilikuwa imeandikwa wapi, na umwambie ofa ijayo inaanza lini. Kisha fungua daftari, hesabu sahani za wiki ya ofa na za wiki iliyotangulia, utoe 1,200 kwa kila moja pamoja na gharama ya nyongeza, uone ni kiasi gani hasa kilichobaki mkononi.